Dawa ya Kumkumbusha Mtoto Kupumua

Siku yangu ya kwanza kazini nilivunja ampuli tatu kabla ya saa nne asubuhi. Ampuli ni kile kichupa chembamba cha kioo chenye dawa ya sindano; shingo yake hukatwa kwa kidole gumba kilichokingwa na kipande cha pamba. Mimi niliikata kama mtu anayevunja bua la mtama. Mfamasia Mfawidhi, mkuu wetu wa stoo ya dawa, mwanamama mfupi kutoka Bukoba ambaye miwani yake ilifungwa kwa uzi, aliangalia vioo sakafuni, kisha akaniangalia mimi.

"Masanja, umeacha lini kuchunga ng'ombe?"

"Jumamosi, mama," nikajibu, na ndivyo ilivyokuwa. Chuo nilikuwa nimemaliza, lakini barua ya kazi ilinikuta machungani kwa baba.

"Basi hiyo uliyoshika si fimbo. Ishike kama yai la kanga."

Nikavunja ya nne. Ya tano ikakubali. Mama yule akapiga makofi mawili, akaniambia sasa nifagie.

Ilikuwa hospitali ya misheni upande wa Kishapu, mwendo wa baiskeli kutoka Mhunze. Jina lake nitalihifadhi, kwa kuwa kosa nitakalolisimulia ni langu mimi, wala si lao. Cheo changu kilikuwa mteknolojia wa dawa, ingawa kijijini kila aliyevaa koti jeupe aliitwa dokta, hata fundi wa jenereta. Kazi yangu ilikuwa kupokea dawa, kuzipanga, kuzihesabu, na kuandaa zile zinazohitaji kuchanganywa kabla ya kupelekwa wodini. Nilidhani nitashinda nikihesabu vidonge vya malaria mpaka nizeeke. Ya watoto wachanga sikuyawaza kabisa.

Wiki ya pili Mfamasia akanituma nipeleke aminofilini chumba cha njiti. Nilishangaa. Aminofilini niliijua chuoni kama dawa ya pumu ya watu wazima. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, kimefungwa madirisha, kina joto la kutoa jasho. Ndani alikuwamo Muuguzi Mfawidhi wa wodi ya wazazi, Sista Yustina, mtawa mrefu ambaye hakupandisha sauti hata alipokasirika. Mbele yake alilala mtoto wa kiume aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, amevikwa kofia ya sufu inayoweza kuenea kwenye ngumi yangu.

"Sista, huyu ana pumu?"

"Hana pumu. Anasahau."

"Anasahau nini?"

"Kupumua."

Nilifikiri ananitania kwa ugeni wangu. Nikiwa bado nimesimama pale, kifua cha yule mtoto kikatulia. Hakulia wala hakujitupa. Alinyamaza tu, midomo ikaanza kuwa na rangi ya zambarau. Sista akamkuna unyayo kwa ukucha, mara moja, mara mbili, na mtoto akashtuka, akavuta hewa, akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Unaona?" akasema. "Ubongo wa njiti haujakomaa. Tumboni hakuwa na kazi ya kupumua, mama yake alimfanyia. Sasa katoka mapema, na kazi hii ni mpya kwake. Akilala, anasahau. Dawa yako inamkumbusha. Bila hiyo, lazima mtu akae hapa amkune unyayo usiku na mchana mpaka akomae."

Tangu siku ile niliipenda aminofilini kuliko dawa zote za stoo. Lakini ni dawa yenye hasira. Ikizidi kidogo, moyo wa mtoto unakimbia, anatapika, anatetemeka, na ikizidi sana anaweza kupata degedege na kufa. Tena ampuli moja ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mzima anayebeba gunia la pamba, na mgonjwa wetu alikuwa na uzito wa jogoo mdogo. Kwa hiyo tulizimua: sehemu moja ya dawa, sehemu tisa za maji ya glukosi, tukachanganya vizuri ili muuguzi aweze kupima kiasi kidogo bila kubahatisha. Kila asubuhi nilivuta mililita moja kutoka kwenye ampuli, nikaongeza mililita tisa, nikaandika kibandiko, nikapeleka. Baada ya mwaka mkono wangu uliweza kufanya kazi hiyo huku mdomo ukisalimiana na wapita njia. Hapo ndipo hatari ilipoingia.

Asubuhi moja ya masika, Mfamasia alikuwa amekwenda Shinyanga mjini kufuatilia mzigo. Nilibaki peke yangu. Wodini alikuwamo msichana mmoja aitwaye Kabula, mzazi wa mara ya kwanza, aliyejifungua binti njiti siku iliyotangulia. Alikuwa na mama yake mzazi, Bibi Holo, mwanamke mkavu mwenye macho makali, aliyetoka kijijini kwao na kuku wawili wa kuwapa wauguzi. Mtoto alikuwa ameanza kusahau kupumua tangu alfajiri. Sista akatuma neno niandae aminofilini haraka.

Boksi letu la kawaida lilikuwa limekwisha. Nikafungua jipya, la msaada, lililofika wiki ile. Jina la dawa lilikuwa lilelile. Miligramu zilizoandikwa zilikuwa zilezile. Ampuli tu ndizo zilikuwa ndogo, na mimi nikajisemea kwamba watengenezaji siku hizi wanabana kioo. Nikavuta mililita moja kama mkono ulivyozoea, nikaongeza maji mililita tisa, nikabandika, nikapeleka, nikarudi stoo nikipiga mluzi.

Nilipokuwa nasafisha meza niliichukua ile ampuli nikaitupe. Ndani ilibaki mililita moja.

Nikasimama. Siku zote, baada ya kuvuta moja, hubaki tisa. Nikaigeuza kwenye mwanga nikasoma maandishi taratibu, kama nilivyopaswa kusoma mwanzo. Ampuli zetu za zamani zilikuwa na mililita kumi. Hii ilikuwa na mililita mbili. Dawa ileile yote ilikuwa imekusanywa kwenye maji kidogo, na kwa hiyo ilikuwa kali mara tano. Nilikuwa nimempelekea Sista sumu yenye kibandiko changu.

Nilikimbia. Kati ya stoo na wodi ya wazazi kulikuwa na ua ambako akina mama walifua nguo, na mvua ilikuwa imenyesha. Nikapita katikati ya kamba za kanga, nikapiga teke ndoo ya mtu, kandambili moja ikabaki kwenye tope, sikugeuka. Nikaingia chumba cha njiti bila kubisha hodi.

"Sista, acha! Usisukume!"

Kidole gumba cha Sista kikasimama kwenye bomba la sindano. Hakuuliza sababu. Akatoa bomba kwenye mpira wa dripu wa mtoto, akaliinua kwenye mwanga, akasema kwa sauti yake ileile ya chini, "Nimesukuma robo."

Nikamweleza. Akachukua kalamu, akahesabu kwenye kiganja chake. Dawa hii haisukumwi mara moja. Husukumwa polepole, macho yakiwa kwenye saa ya ukutani, na Sista hakuwa mtu wa kuiba dakika hata ukiwa na foleni ya wagonjwa kumi. Robo ya dawa yenye ukali mara tano. Akanionyesha kiganja.

"Amepata dozi yake moja, na robo juu," akasema. "Kaa hapo. Usiguse kitu."

Nilikaa kwenye kigoda kwenye kona, mguu mmoja una tope. Sista akaweka kipimo chake cha masikio kwenye kile kifua kidogo akahesabu mapigo. Yalikuwa yanakimbia. Vidole vya mtoto vilikuwa vinatetemeka kidogo kama majani ya mchicha. Akahesabu tena baada ya dakika tano, na tena, na tena. Mimi nilikuwa nasali kwa maneno niliyoyakumbuka na niliyoyatunga. Kufikia saa saba mchana mapigo yalikuwa yametulia, na mtoto hakuwa amesahau kupumua hata mara moja.

Sista akaandika yote kwenye faili. Halafu akaniambia, "Nimeshaandika, na Mganga Mfawidhi atasoma. Ndugu za mtoto wako barazani. Utawaambia wewe, au niwaambie mimi?"

Nilitoka kuelekea barazani. Kabula alikuwa amejiegemeza ukutani. Bibi Holo akainuka aliponiona, akanishika mikono yote miwili.

"Wabeja, dokta! Wabeja sana! Nilikuona unavyokimbia kumletea mjukuu wangu dawa. Muuguzi amesema anapumua vizuri. Ng'wana wa nani wewe?"

Ninyi vijana mnaoingia kazini leo, sitawadanganya. Nilitamani sana kuzipokea zile shukrani. Mtoto alikuwa mzima. Bibi alikuwa na furaha. Faili lilikuwa ndani, na hakuna kati yao aliyejua kusoma. Ningeweza kusema "karibu, bibi" nikaenda zangu, na hakuna ambacho kingeonekana kuharibika.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Sikukimbia kuleta dawa. Nilikimbia kuizuia. Dawa niliyoileta mwanzo niliikosea, ilikuwa kali mno. Ingeingia yote, mtoto angeweza kufa. Sista anasukuma polepole, ndiyo maana amepona. Mwenye kosa ni mimi."

Kabula akafunika mdomo kwa kanga. Bibi Holo akaniachia mikono. Alinitazama muda mrefu, kutoka kichwani mpaka chini, macho yake yakaishia miguuni.

"Kiatu chako kingine kiko wapi?"

"Kimebaki kwenye tope, bibi."

"Hukurudi kukichukua?"

"Hapana."

Kisha akasema, "Marehemu mume wangu alimpa mtu dawa ya mitishamba, akagundua amekosea, akaenda kulala. Yule mtu tukamzika. Wewe umekimbia." Akamgeukia binti yake. "Huyu mtoto tumwite Kandambili."

"Mama!" Kabula akasema, na hapo ndipo kicheko kilipomtoka, kicheko na machozi pamoja. Mtoto hakuitwa Kandambili. Aliitwa Rehema, na aliondoka wodini baada ya wiki kadhaa akiwa na mashavu.

Mganga Mfawidhi aliniita ofisini, akanisomea kwa ukali, akaniandikia barua ya onyo ambayo niliistahili. Mfamasia aliporudi kutoka mjini alisoma faili akiwa amesimama, akalirudia. Nilikuwa tayari kufunga sanduku langu.

"Nani aliligundua kosa?"

"Mimi mwenyewe, mama."

"Na nani aliwaambia wenye mtoto?"

"Mimi."

Akafungua uzi wa miwani, akaufunga upya, jambo alilolifanya akitaka muda wa kufikiri. "Basi utabaki," akasema. "Mtu anayekosea na kuficha simwezi. Anayekosea na kusema nitamfundisha. Kuanzia leo dawa ya njiti haitoki hapa mpaka watu wawili wameisoma ampuli kwa sauti. Na kama niko peke yangu, nitamwita hata mpishi."

Na kweli alimwita. Nilimsikia mara nyingi mpishi wetu akisoma kwa kujivuna, "A-mi-no-fi-li-ni, mi-li-li-ta kumi!"

Miaka ikapita, nikaingia serikalini, nikapangiwa zahanati moja upande wa Mwakitolyo, kwenye wachimbaji wadogo wa dhahabu. Huko nilikutana na dawa ya namna nyingine, inayofanya kazi kabla mtoto hajazaliwa. Inaitwa deksamethasoni. Mapafu ya njiti ni kama mfuko wa nailoni uliolowa: kuta zake zinagandana, hewa haiingii. Mama mwenye uchungu wa mapema akichomwa sindano za deksamethasoni, dawa hupita mpaka kwa mtoto na kuyakomaza mapafu yale kwa siku mbili tu. Sisi tulianzisha sindano ya kwanza kwa agizo la simu la daktari wa mjini, kisha mama akaenda huko kumalizia, kwa kuwa njiti anahitaji hospitali yenye oksijeni na joto.

Tabu ilikuwa kumfanya mama aende. Namkumbuka Mama Jumanne, mama lishe aliyepikia wachimbaji karibu na maduara, yaani yale mashimo wanayoshuka kutafuta mawe ya dhahabu. Uchungu ulimwanza mimba ikiwa na miezi saba. Sindano alikubali. Gari alilikataa.

"Nina maharage jikoni ya watu arobaini," akasema. "Nikiondoka, nani atayatia chumvi?"

Mganga wetu alimbembeleza akashindwa. Nikatoka, nikaenda mpaka maduarani, nikawaeleza wale vijana. Waliinuka wote na vumbi lao, wakaja mpaka mlango wa zahanati. Mmoja wao, Mngoni mkubwa aliyekuwa kiongozi wa duara, akasema, "Mama Jumanne, nenda. Maharage tutapika wenyewe."

"Ninyi? Mtayaunguza!"

"Tutayala yameungua."

Akaenda. Wakayaunguza, wakayala. Mtoto akazaliwa mjini siku ya tatu, akalia mwenyewe, na habari zilipofika maduarani karasha zote za kusagia mawe zilizimwa ili watu washangilie. Wiki iliyofuata yule Mngoni akaja dirishani kwangu akakunja shati mpaka begani.

"Dokta, nasikia mna sindano ya mapafu. Na mimi vumbi limenijaa. Nichome."

"Hiyo ni ya akina mama wajawazito, kaka."

Akafikiri kidogo. "Hakuna njia nyingine ya kuipata?" Nikampeleka kwa mganga apimwe kifua, na kipimo kikatoka safi.

Miaka yangu ya mwisho nilihamishiwa Shinyanga mjini, na huko nikaona mambo ambayo Sista Yustina angeyafurahia. Aminofilini yenye hasira ilianza kupumzishwa, ikaja kafeini. Ndiyo, kafeini ileile iliyomo kwenye kahawa, lakini imetengenezwa safi kwa kipimo. Inamkumbusha mtoto kupumua kama aminofilini, ila ni mpole kwa moyo, na hutolewa mara moja kwa siku. Siku ya kwanza nilipomweleza baba mmoja, broka wa dhahabu mwenye simu tatu, kesho yake alikuja na furushi zima la kahawa ya unga.

"Hii ni kali kuliko ya kwenu," akaninong'oneza. "Mpe huyu mwanangu, atapumua mpaka mtashangaa."

Ilibidi nimkalishe chini nimweleze kwa kirefu kwamba kahawa ya jikoni ni hatari kwa kichanga. Akaelewa, akaona haya, akawaachia wauguzi furushi. Zamu ile hakusinzia mtu.

Nikasikia pia habari za safaktanti, dawa inayopelekwa moja kwa moja kwenye mapafu ya njiti kwa mpira mwembamba, ili kuta zake zisigandane. Ipo kwenye hospitali kubwa chache, na bei yake si ya mchezo. Aina mojawapo hutengenezwa kutokana na mapafu ya ng'ombe. Nilimsimulia baba yangu, ambaye wakati huo alikuwa mzee sana, bado anahesabu mifugo yake kila jioni. Akacheka mpaka akakohoa.

"Miaka yote nilikuambia usimdharau ng'ombe. Umekwenda kusoma mbali, umezunguka, na mwisho wake umerudi zizini."

Nilistaafu kwa sherehe ya soda na keki. Wenzangu walisema maneno mazuri mengi, mengine ya kweli. Nikaenda kufuga kuku nyumbani, na nikagundua kwamba kustaafu ni kuamka saa kumi na moja bila sababu.

Kisha mwaka jana binti yangu Neema, aliyeolewa na dereva wa malori ya mgodini Geita, alikuwa amekuja kututembelea akiwa mjamzito, presha ilipompanda ghafla. Ikabidi afanyiwe upasuaji. Mtoto alitoka kabla ya wakati. Mkwe wangu alikuwa ametoka zamu, yuko njiani anakuja. Mke wangu alikuwa na mafua, wakamzuia mlangoni. Neema mwenyewe hakuwa na nguvu ya kukaa. Nikabaki mimi.

Muuguzi kijana alitokea mlangoni, akaniamkia vizuri. "Shikamoo, mzee. Wewe ndiye babu?"

"Marahaba. Ndiye mimi. Amepewa kafeini?"

"Amepewa. Vua shati, babu."

"Mimi ni mtu wa dawa," nikamwambia. "Miaka yote nilifanya kazi upande wa stoo."

"Leo wewe ni joto. Vua shati."

Nikavua. Nikakaa kwenye kiti, akanilaza mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akatufunga pamoja kwa kitenge. Nimewapimia dawa njiti nisioweza kuwahesabu, na sikuwahi kumpakata hata mmoja. Hakuwa na uzito wowote. Nikaanza kuhesabu pumzi zake, kwa midomo, kama Sista alivyokuwa akifanya. Moja, mbili, tatu. Nikafika ishirini na saba.

"Babu," muuguzi akasema, "kuhesabu ni kazi yangu. Wewe mpakate tu."

Nikaacha kuhesabu. Kile kipumzi chake kilikuwa kinaniwasha hapa chini ya shingo, kinakuja na kuondoka, kinakuja na kuondoka, na kwa saa mbili nzima sikuthubutu kujikuna.